Kijiko cha Dagaa na Hesabu za Misaada ya Chakula

Mama amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba. Mbele yake yuko kijana mwenye kishikwambi. Katika siku saba zilizopita, anauliza kijana, kaya hii imekula nafaka siku ngapi? Saba. Mboga za majani? Saba. Mafuta ya kupikia? Saba. Nyama, samaki au mayai? Mama anafikiri kidogo. Kulikuwa na dagaa, anasema, tuliunga kwenye mchicha, mara tatu hivi.

Hapo matokeo ya mradi mzima yanaweza kugeuka. Alama ya ulaji wa kaya, kipimo kinachotumiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) na miradi mingi ya chakula katika ukanda wetu, hulipatia kila kundi la chakula uzito wake: nafaka na mizizi 2, jamii ya kunde 3, mboga za majani 1, matunda 1, nyama na samaki 4, maziwa 4, mafuta nusu na sukari nusu. Uzito huo huzidishwa kwa idadi ya siku. Kaya ya mama huyu inapata 14 za ugali, 7 za mchicha na 3.5 za mafuta, jumla 24.5. Ni kaya iliyo mpakani, kwa sababu ulaji unahesabiwa kuwa wa kuridhisha alama zikipita 35. Mdodosaji akiandika kwamba kaya ilikula samaki siku tatu, zinaongezeka 12 na kaya inafika 36.5. Imevuka. Akiandika kuwa dagaa wale walikuwa kiungo tu, kama mwongozo unavyotaka pale ambapo ni kijiko kimoja cha dagaa wa kusaga ndani ya sufuria ya watu saba, hakiongezeki kitu, na kaya inabaki kwenye 24.5.

Chakula kilicholiwa ni kilekile. Mwenye uwezo wa kuihamisha kaya hii kutoka safu moja ya jedwali hadi nyingine ni kijana mwenye kishikwambi, jua likiwa kali, na kaya nyingine sita zikimsubiri kabla ya giza.

Siwalaumu wadodosaji. Nimekaa nao mara kadhaa na najua wanavyotembea, wanavyochoka na wanavyolipwa kwa siku. Ninachotaka msomaji akione ni jinsi namba inavyozaliwa kabla haijafika kwenye taarifa yenye picha za watoto wanaotabasamu, kisha kwenye hotuba, kisha kwenye bajeti ya mwaka unaofuata. Na namba hiyo, hata ikichukuliwa kwa uangalifu wote, inatueleza hali ya kaya leo. Haituelezi ni nini kilichosababisha hali hiyo. Kati ya mambo hayo mawili kuna pengo kubwa, na naamini fedha nyingi za misaada ya chakula na lishe zinapotelea humo bila mtu kuiba hata senti.

Taarifa nyingi za miradi hazifiki hata kwenye kijiko cha dagaa. Zinahesabu tani zilizogawiwa, akina mama waliohudhuria mafunzo, bustani zilizolimwa pembeni mwa nyumba, kuku waliotolewa. Hesabu hizo zina kazi yake. Aliyetoa fedha ana haki ya kujua kwamba unga ulifika, na mlengwa ana haki kubwa zaidi ya kujua kama ulipungua njiani. Lakini gunia likishapokewa bado kuna safari ndefu mpaka kwenye mfupa wa mtoto: nani katika nyumba anakula kwanza, mama yuko shambani saa ngapi, maji yanatoka wapi, mtoto anaharisha mara ngapi kwa mwezi. Taarifa inaishia pale gunia linaposhushwa.

Miradi mingine inajitahidi zaidi. Inapima kabla, inapima baada, halafu inatangaza tofauti. Mtindo huu ndio unaosifiwa sana, na ndio unaonitia wasiwasi kuliko mingine, kwa sababu unafanana na ushahidi. Chukua wilaya ya nyanda za juu kusini, ambako mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili. Januari na Februari ghala la nyumbani limekauka, mahindi mabichi hayajakomaa, na watu wanafanya vibarua ili wanunue debe. Julai watu wametoka kuvuna. Mradi ukichukua takwimu za mwanzo Februari na za mwisho Julai, utaonyesha mafanikio makubwa hata kama haukufanya lolote zaidi ya kupaka rangi gari lake. Ukigeuza miezi hiyo, mradi uliofanya kazi nzuri utaonekana umeharibu.

Kwa watoto waliokonda kuna mtego mwingine, na huu haujulikani sana. Mtoto huingizwa kwenye mpango wa matibabu utepe wa kupimia mzunguko wa mkono unaposoma chini ya milimita 125, au chini ya 115 ikiwa hali ni mbaya sana. Wengi hufikia hapo wakati mbaya kabisa kwao: ametoka kuharisha wiki mbili, au ana malaria. Baadhi yao wangeongezeka tena ugonjwa ukiisha, hata bila pakiti ya chakula dawa. Simaanishi tusiwape. Mtoto wa milimita 114 anaweza kufa, na hakuna mtu mwenye utu atakayekaa kusubiri aone. Nasema kwamba huwezi kuhesabu kila aliyepona kuwa amepona kwa sababu yako.

Hata namba kubwa za kitaifa zina shida hiyo. Utafiti wa afya na idadi ya watu Tanzania ulionyesha udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ukiwa asilimia 42 mwaka 2010, 34 mwaka 2015/16 na 30 mwaka 2022. Ni habari njema na nafurahi kuiandika. Ila kila mradi wa lishe uliofanya kazi nchini katika miaka hiyo unaweza kuuchora mstari huo kwenye ukurasa wa mwisho wa taarifa yake, na hakuna atakayeukatalia. Katika miaka hiyohiyo barabara zilijengwa, chanjo zilisambaa, wasichana wengi zaidi walisoma. Ni lipi lililowainua watoto? Mstari peke yake haujibu.

Swali linalokosekana ni moja, na kila mkulima anaweza kuliuliza: bila mradi, ingekuwaje? Ukitaka kujua kama mbolea mpya inafaa, unaiweka kwenye jaruba moja na kuacha la jirani bila mbolea, mvua ikiwa ileile na mbegu ileile. Kwa watu ni vigumu zaidi, lakini imefanyika, na imefanyika hapa kwetu.

Rwanda ndiko lilikofanyika jaribio ninalolipenda kuliko yote, ingawa matokeo yake hayakumfurahisha kila mtu. Shirika la misaada la Marekani, USAID, lilikuwa linagharamia mpango wa lishe ulioitwa Gikuriro: mafunzo ya lishe, vikundi vya kuweka akiba, bustani, mifugo midogo, elimu ya usafi. Watafiti Craig McIntosh na Andrew Zeitlin wakapewa nafasi ya kuulinganisha na kitu rahisi kabisa, yaani kuwapa watu fedha mkononi zenye gharama sawa na mpango huo. Vijiji 248 viligawanywa kwa kura. Vingine vilipata Gikuriro, vingine fedha, vingine havikupata chochote wakati huo. Na kwa baadhi ya kaya zilizopewa fedha, kiasi kilikuwa kikubwa zaidi, dola 532.

Baada ya mwaka mmoja hivi, matokeo yaliyochapishwa 2018 yalisema hivi. Gikuriro iliongeza akiba za watu, lakini haikubadilisha aina za vyakula walivyokula wala vipimo vya miili ya watoto. Fedha za gharama sawa na hiyo zilisaidia watu kulipa madeni na kununua mali za uzalishaji, lakini nazo hazikugusa lishe. Kiasi kikubwa ndicho kilichoongeza matumizi ya kaya, kikapanua aina za chakula, na hata urefu wa watoto kulingana na umri wao ukasogea kidogo.

Unaweza kuyasoma matokeo hayo kwa njia ya mkato ukasema mafunzo ya lishe ni kazi bure. Mimi siyasomi hivyo. Mwaka mmoja ni mfupi kwa kitu kama urefu, kinachojengwa tangu mimba hadi mtoto afike miaka miwili, zile siku 1,000 tunazozitaja kila mkutano. Na akiba iliyoongezeka huenda ilikuja kufanya kazi baadaye. Lakini naheshimu sana kilichofanyika pale: mfadhili alikubali mpango wake mwenyewe upimwe mbele ya watu, dhidi ya njia mbadala, akijua kwamba huenda ukashindwa, na ulipokosa kufikia malengo yake makuu matokeo yakachapishwa. Nimesoma taarifa nyingi za miradi ya lishe Afrika Mashariki. Zilizoandika wazi kwamba lengo kuu halikufikiwa ni chache mno.

Kuna wanaosema kuacha vijiji vingine bila msaada ili tulinganishe ni ukatili. Hoja hii ina uzito, na sitaki kuipita haraka. Pale maisha ya mtu yako hatarini sasa hivi, hakuna kupiga kura, mpe. Lakini miradi mingi haina fedha za kufika kila kijiji tangu mwanzo. Vijiji vingine vinaachwa hata hivyo, tena kwa sababu mbaya zaidi kuliko kura: viko mbali na lami, havina diwani mwenye sauti, gari la mradi halifiki wakati wa masika. Kura angalau inampa kila mmoja nafasi sawa, na vijiji vilivyosubiri vinaweza kuingia awamu ya pili.

Kenya ilifanya hivyo kaskazini. Mpango wa Hunger Safety Net ulianza kulipa kaya maskini za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera mwaka 2009. Kata ndogo zikagawanywa kwa kura, nyingine zikaanza kulipwa mapema na nyingine baadaye, na tathmini ikafanyika hadi 2012. Katikati ya muda huo ukaja ukame wa 2011, ule uliovuka mpaka na kugeuka baa la njaa Somalia. Mifugo ikafa. Bei zikapanda. Sasa fikiria tathmini ya kabla na baada ingesema nini: watu walipewa fedha, na baada ya miaka miwili hali ya eneo zima ni ngumu kuliko walipoanza. Kichwa cha habari kingejiandika chenyewe, na mpango ungefungwa. Kwa kuwa kulikuwa na kundi la kulinganisha, ilionekana kwamba wasiolipwa walizama zaidi, na waliolipwa walizuiwa wasizame kiasi hicho. Fedha zile zilikuwa zimefanya kazi kama ukuta unaozuia maji, na ukuta huwezi kuuona faida yake mpaka utazame nyumba isiyokuwa nao.

Mara nyingi tunafikiri upimaji mkali ni silaha ya kuwaumbua watu wa miradi. Kule Turkana na Wajir ndio uliowatetea.

Na bado tathmini ileile haikuficha lililo chungu: lishe ya watoto haikuonyesha kuboreka. Malipo yalianza kwa shilingi 2,150 za Kenya kila miezi miwili. Gawanya kwa kaya ya watu sita, unapata chini ya shilingi 200 kwa mtu kwa mwezi. Kwa bei za 2011, kiasi hicho kilitosha kuahirisha kuuza mbuzi wa mwisho. Hakikutosha kumpa mtoto wa mwaka mmoja maziwa kila siku, wala hakikuleta zahanati karibu wala maji safi.

Kuhusu maji safi nako kuna somo. Utafiti mkubwa magharibi mwa Kenya, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, uliofuatilia zaidi ya wajawazito 8,000 na watoto wao, ulitoa matokeo 2018: waliopewa virutubishi na ushauri wa kulisha watoto walikua kidogo zaidi, waliopewa dawa ya kutibu maji, vyoo bora na vifaa vya kunawa mikono hawakuonyesha tofauti katika ukuaji. Zimbabwe ilipata picha inayofanana. Kwa miaka mingi tulikuwa na hakika kwamba choo bora kitapunguza udumavu. Mimi mwenyewe niliamini, na bado nataka kila nyumba iwe na choo, kwa sababu nyingine nyingi. Ila aina ile ya vyoo na sabuni, kwa kiwango kile, haikutosha kuuondoa uchafu unaomzunguka mtoto anayetambaa kwenye udongo uleule wanaopita kuku na mbuzi. Bila kupima tungeendelea kuahidi kitu tusichoweza kutoa.

Sasa nirudi nyumbani, Iringa.

Watu wa lishe duniani wanaujua mkoa huu kuliko sisi. Kuanzia 1983/84 serikali, kwa kushirikiana na UNICEF na WHO na kwa fedha za Italia, iliendesha huko mpango wa lishe ulioanza na vijiji 168. Njombe ilikuwa bado sehemu ya Iringa. Kila baada ya miezi mitatu ilikuwepo siku ya afya ya kijiji. Mizani ya kuning'inia ilifungwa kwenye boriti au tawi la mti, watoto wakapimwa uzito, na matokeo yalibaki palepale. Kamati ya kijiji iliyajadili: watoto wangapi wamepungua, wa nani, na kwa nini. Majibu yalitoka kwa wenyewe. Mama yuko shambani tangu alfajiri, mtoto analishwa mara mbili tu kwa siku. Uji ni mzito, tumbo dogo linajaa kabla mwili haujapata nguvu. Hivyo vikaja vituo vya kulelea watoto, milo ya kati, na kimea cha kulainisha uji bila kuuongezea maji.

Kati ya 1984 na 1988, watoto wenye uzito pungufu miongoni mwa waliopimwa walishuka kutoka takriban asilimia 56 hadi 38, na wenye uzito pungufu mkali kutoka asilimia 6.3 hadi 1.8. Kwa haki, nazipa na namba hizi mtihani uleule niliozipa nyingine. Ni za watoto walioletwa kwenye mizani, na mwanzoni hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopangwa. Kwa hiyo sisemi sehemu gani ya mafanikio ni ya mpango. Ninachosema ni kwamba mizani ile ilikuwa mali ya kijiji. Aliyepima, aliyejadili na aliyechukua hatua walikuwa watu walewale, ndani ya wiki ileile. Kutokana na uzoefu wa Iringa, UNICEF ilichota mengi ya mfumo wake wa 1990, ule unaosema kwamba chakula, matunzo, na afya pamoja na mazingira ni lazima vyote vitatu viwepo.

Na mwaka 2022 Iringa hiyohiyo iliongoza nchi kwa udumavu, asilimia 57, ikifuatwa na Njombe na Rukwa zenye karibu nusu ya watoto wao. Mikoa inayolisha nchi mahindi. Usilinganishe 57 hii na 38 ya mwaka 1988, maana ile ilikuwa uzito na hii ni urefu, na mtoto anaweza kuwa na uzito wa kutosha huku amedumaa. Lakini inaumiza kwamba mkoa ulioufundisha ulimwengu kuuliza "kwa nini mtoto huyu amepungua" leo unaisoma hali yake kwenye jedwali la utafiti unaofanyika baada ya miaka kadhaa, ukiwa umeandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Na hata jedwali hilo halikuwa letu kikamilifu. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tovuti ya FEWS NET, mtandao wa kutahadharisha njaa ulioanzishwa 1985 baada ya maafa ya Ethiopia, ilizimika. Punde baadaye ukasitishwa na mpango wa tafiti za afya na idadi ya watu (DHS), ambao tangu 1984 ulikuwa ukisaidia nchi zetu kupata takwimu za udumavu ninazozinukuu humu. FEWS NET ilirejea baadaye mwaka huo, na fedha nyingine zilitafutwa kuokoa baadhi ya tafiti. Lakini tuliona jinsi uamuzi wa ofisi moja Washington unavyoweza kutunyang'anya chakula cha msaada pamoja na uwezo wa kujua kwamba watoto wana njaa. Kupungua kwa chakula kunaonekana barabarani. Kupotea kwa kipimo hakuonekani, na hilo linanitisha zaidi, kwa sababu mwaka ambao hakuna aliyepima utaandikwa kama mwaka ambao hapakuwa na tatizo.

Tanzania ina pa kuanzia. Wakuu wa mikoa wanasaini mkataba wa lishe na Rais, na halmashauri zinatakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Kadi alama, yaani jedwali la kupima utekelezaji wa mkataba huo, inafuatilia, pamoja na mengine, kama fedha hizo zimetolewa na kutumika. Ni hatua ya kweli, na kuna wilaya ambazo kabla ya hapo hazikutenga chochote. Lakini shilingi iliyotumika bado ni gunia lililoshushwa. Halmashauri yenye watoto 40,000 inatenga milioni 40. Sehemu ndogo yake ingetosha kununua mbao za kupimia urefu, kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kuzitumia sawasawa, na kupima vijiji vichache vilivyochaguliwa kwa kura, mwezi uleule kila mwaka, vyenye mradi na visivyo na mradi.

Na mradi wowote unaoingia, wa serikali au wa mfadhili, usimame kwanza kwenye mkutano wa kijiji kabla ya kugawa chochote. Useme unataka kubadilisha nini kwenye mwili wa mtoto, utakipima mwezi gani, utalinganisha na nani, na utarudi na majibu tarehe ipi, hata yakiwa mabaya. Mtendaji wa kijiji aandike tarehe hiyo kwenye muhtasari. Mkurugenzi wa halmashauri anaweza kulifanya hilo kuwa sharti la barua ya utambulisho kuanzia mwezi ujao, na yule mama wa kwenye mkeka akajua ni lini ataambiwa kijiko chake cha dagaa kiliandikwa wapi.